Yule Mwanamke Alicheka Nini

Mama yangu hana meno mawili ya mbele, upande wa kushoto. Yaling'oka kwa sababu ya mwisho wa filamu ya vichekesho. Aliyeyang'oa kwa mkono ni baba, lakini aliyeyang'oa kwa mdomo ni mimi, na kwa kuwa baba hajawahi kukiri lake, acha mimi nikiri langu.

Nilikuwa darasa la sita, huko kwetu Masieda, na nilikuwa na akili za kukera. Mtihani wa Kiswahili ulikuwa na sehemu ya ufahamu. Unasoma hadithi fupi ya sungura au ya mzee mchoyo, halafu unaulizwa: mwisho wa hadithi hii unatufundisha nini? Toa sababu mbili. Mimi sikuwahi kukosa. Mwalimu alikuwa ananisimamisha mbele ya darasa niwasomee wenzangu jibu langu, na waliokosa wanachapwa nikiwa bado nimesimama palepale na daftari langu. Kwa hiyo nilijifunza mapema kwamba jibu sahihi ni la kwangu, na viboko ni vya wengine.

Baba alikuwa mtu wa kuheshimika. Alilima mahindi, maharage na kitunguu saumu, alifuga, na kanisani aliimba besi inayotetemesha mabati. Watoto wa kijiji walimpa shikamoo kutoka mbali, kabla hajawaona. Na alikuwa anampiga mama. Siandiki "mara mojamoja" wala "akikasirika", kwa sababu hasira haikuhitajika. Nyumbani kwetu ukisikia tu kikohozi chake kwenye zizi, wote mnainuka. Mama alikuwa anainuka hata kama ana unga mikononi, anampisha kwenye kigoda, anasimama kando akisubiri kuona siku imekuwaje. Kuinuka huko ndiko kulikuwa salamu yake. Siku aliyochelewa kuinuka kwa sababu alikuwa ananyonyesha, alipigwa huku mtoto akiwa kifuani. Mtoto huyo alikuwa mimi. Sikumbuki, nimesimuliwa.

Wiki moja kabla ya filamu, ndama alivunja uzio akaingia kwenye kitunguu saumu. Baba alimpiga mama kwa fimbo ya kuchungia mpaka ikavunjika. Akaiangalia, akaitupa, akaenda bondeni kukata nyingine. Ilimchukua muda, maana alichagua, na alirudi akiwa anaendelea kuichonga kwa panga. Mama alikuwa palepale, amekaa chini, kitenge kimemvuka bega, anamsubiri. Hakukimbia. Mimi nilikuwa mlangoni, na kitu kilichonikasirisha siku ile hakikuwa zile fimbo mbili, kilikuwa ni ule muda wa katikati. Nilimchukia mama kwa kusubiri. Sasa najua alikuwa anahesabu vizuri kuliko mimi: ukikimbia leo, utalala wapi kesho?

Basi ikaja Jumapili. Dokta wa zahanati, kijana wa Tanga aliyekuwa amepangiwa kwetu na aliyelalamikia baridi ya Mbulu kutwa kucha, alikuwa na sola na televisheni. Baada ya misa watu walikuwa wanakwenda kwake kuangalia. Alikuwa anatoa televisheni barazani, anachomeka flashi, watu wanakaa kwenye nyasi. Siku hiyo alisema ameleta ya kuvunja mbavu.

Ilikuwa inahusu mume mwembamba mwenye suruali kubwa na mke mnene. Mume ameapa mbele ya marafiki zake kwamba lazima ampige mke wake kabla jua halijazama. Filamu nzima ni hiyo. Anamfukuza na mwiko kijiji kizima, anaanguka kwenye pipa la pombe, anaingia kwenye banda la kuku, anakimbizwa na beberu, anapita katikati ya msiba na waombolezaji wanamfuata. Akimpata mke anamzaba kofi, watu wanacheka. Mke akimrudishia, watu wanacheka zaidi. Baba alikaa mbele, karibu na dokta, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akawa anapiga goti kwa kiganja. Kiganja kilekile. Na mimi, nisije nikajifanya malaika, nilicheka pamoja naye. Ukisikia baba yako anacheka hivyo unamsamehe kila kitu kwa saa moja na nusu.

Halafu ikafika mwisho. Mume amechoka, anafika nyumbani kwake, anasimama mlangoni. Mke amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, anasonga ugali. Anausonga muda mrefu. Anaupakua, anausukuma kwenye sahani mbele ya mume. Mume anauangalia ugali. Anamwangalia mke. Mke naye anamwangalia, halafu anaanza kucheka, kwanza taratibu, kisha mwili wote unatikisika. Hapo hapo, meno yake yakiwa nje, kioo kikawa cheusi.

Dokta akabonyeza rimoti. Akabonyeza tena. "Imeisha," akasema.

Watu hawakuridhika. Mmoja akasema mke amemsamehe. Mwingine akasema amerukwa na akili, kipigo kimempanda kichwani. Bibi mmoja akasema hiyo siyo filamu, filamu ina mwisho, hii imekatika kama mkia wa mjusi. Wakawa wanainuka, wanakung'uta nyasi, kicheko kimekwisha. Ndipo mama akacheka. Alikuwa nyuma kabisa, peke yake, na alicheka kwa sauti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele za watu. Watu wakageuka. Baba naye akageuka.

Njiani alimwambia mama atangulie kuwasha moto. Tukabaki wawili, mimi na yeye, kwenye njia ya shamba. Alitembea polepole, mikono nyuma. Halafu akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo hakuwa anaitumia kwa mtoto wa kike.

"Wewe unayesoma. Yule mwanamke alicheka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniheshimu hivyo. Baba yangu mzima alikuwa ananiuliza mimi maana ya kitu. Nikasimama wima kama niko darasani.

"Ameweka sumu kwenye ugali," nikasema.

"Umejuaje?"

Nikatoa sababu mbili. Ya kwanza, aliusonga muda mrefu kuliko kawaida. Ya pili, alimpakulia mume peke yake, yeye mwenyewe hakula. Nikaongeza na ya tatu ambayo hata hakuiuliza: mtu akipigwa sana lazima alipe kisasi. Baba aliitikia kwa kichwa taratibu. Nilidhani ananipa alama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, kama anayeongea na viatu vyake. Tukatembea kidogo. "Na mama yako? Yeye alicheka nini?"

"Alifurahi," nikasema.

Neno moja. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila hawakusema kwamba kichwa kinachoponzwa kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

Sasa lazima nieleze kitu. Kwetu pombe ya kienyeji hainywewi hivihivi. Anayekukaribisha anakunywa yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakupa kibuyu. Ni heshima, na ni kukuhakikishia kwamba hana nia mbaya na wewe. Lakini hiyo ni pombe, na ni kwa mgeni. Chakula cha nyumbani hakionjwi. Mwanamume anayemwambia mke wake aonje chakula kabla hajala, amemwita mchawi na muuaji mbele ya mafiga yake mwenyewe. Hata wanaume wabaya kabisa ninaowajua hawakuwahi kufika hapo.

Jioni ile, kabla jua halijazama, mama alileta ugali na mlenda. Alikuwa bado ana kitu usoni, mabaki ya kile kicheko. Baba alikuwa kwenye kigoda. Akausukuma ugali kwa vidole viwili.

"Onja."

Mama hakuelewa. "Nionje nini?"

"Onja chakula chako."

Nilimwona anapoelewa. Uso wake ulifungwa. Alikuwa amepigwa kwa sababu ya ndama, kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya mvua, na hakuwahi kujibu. Siku ile alijibu.

"Mimi siuzi pombe," akasema. "Hiki ni chakula cha watoto wangu. Sionji."

Baba aliinuka na kigoda mkononi. Sikuona kikipanda, niliona kikitua. Kilimpata mdomoni, na sauti yake ilikuwa kavu na ndogo, sauti ambayo hungegeuka ukiisikia kwa jirani. Mama akaanguka juu ya kuni. Baba akamkalia kifuani, akamega ugali wenyewe wa moto, akamsukumia mdomoni pamoja na damu, pamoja na jino, akamfunika mdomo kwa kile kiganja cha kupigia goti. "Meza," anasema. "Meza tuone." Mama anarusha miguu, kiatu kimoja cha plastiki kikaangukia motoni, kikaanza kunuka. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani. Bado nilikuwa nimesimama kwa sababu baba aliingia, na hakuna aliyeniambia nikae.

Alipomeza, baba akamwachia. Akasubiri kidogo aone kama atakufa. Hakufa. Basi akasogeza sahani, akakaa, akala.

Tulimpeleka kwa dokta. Baba mwenyewe alimshika mkono njia nzima, na tuliokutana nao waliona mume anayejali. Mdomo wa juu ulikuwa umechanika hadi karibu na pua. Dokta alimwangalia mama, akamwangalia baba, halafu akaongea polepole kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja.

"Kama amepigwa, sheria inataka aje na PF3, ile fomu ya polisi, ndiyo nimtibu. Polisi ni mbali na damu haisubiri. Kama ameanguka, namshona sasa hivi."

"Ameanguka," baba akasema. "Kwenye jiwe la kusagia."

Dokta hakumtazama tena baba. Aliniinamia mimi. Nadhani alitaka mtu mmoja aseme kweli, hata kama haitabadilisha kitu. "Mama ameanguka?"

"Ameanguka," nikasema, kwa sauti, kama darasani.

Siku hiyo niliulizwa maswali matatu nikajibu yote.

Tangu hapo mama alionja. Kila mlo, kila siku, alimega tonge la kwanza, akatafuna kwa upande wenye meno, akameza, akafungua mdomo kuonyesha kwamba limeingia. Baba akihesabu moyoni, kisha anakula. Wageni wakija, vilevile. Na wageni wana macho. Haikupita msimu mmoja wa mahindi kijiji kizima kikajua kwamba mke wa fulani anaonjeshwa, na mtu haonjeshwi bure. Penye moshi pana moto, walisema. Kukitokea msiba wanawake wote wanapika pamoja, na mama yangu, aliyekuwa anajua kupika makande kuliko wote kuanzia kwetu mpaka kijiji cha Daudi, akawa anapewa kuni za kupasua na maji ya kuteka. Mikono yake haikuruhusiwa kukaribia sufuria. Hakuna aliyemwambia kitu. Walikuwa wanampokonya mwiko kwa adabu. "Pumzika, dada, umechoka." Akirudi nyumbani anapigwa kwa kumwaibisha mumewe.

Mimi nilikua na mkono mwepesi. Darasa la saba, msichana mmoja aliniambia nisimpe mhindi wangu wa kuchoma kwa sababu sisi ni wa sumu. Nilimpiga na mpini wa jembe, kichwa kikapasuka, na nilipoona damu yake sikusikia huruma hata kidogo. Nilisikia njaa. Namwambia msomaji ukweli: nilitaka kumpiga tena. Nilichapwa viboko mbele ya shule nikiwa nimeng'ata meno, na kila kiboko niliona ni changu halali, nilichokuwa nimekwepa siku zote nikisimama na daftari.

Nilipokuwa kidato cha pili, likizo, baba alimvunja mama mkono. Usiniulize sababu. Asubuhi yake alikwenda mnadani, na mama, mkono ukiwa umefungwa kwenye kanga, akawa anapika kwa mkono mmoja. Alitoka kuchukua maji. Mimi nikaenda ghalani, nikachukua chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikarudi jikoni, nikafungua kizibo, nikaishika juu ya sufuria. Nilikuwa nimeshafikia uamuzi: nilikwisha kusema kwamba kuna sumu, basi na iwepo, jibu langu liwe sahihi.

Mama akaingia. Akaweka ndoo chini. Hakupiga kelele. Alinipokonya chupa kwa mkono wake mzima, akaifunga, halafu akanizaba kofi ambalo mpaka leo sikio hili la kushoto linalisikia. Ndilo kofi pekee alilonipiga maishani.

"Nani anaonja kwanza?" akaniuliza.

Nilikuwa nimesahau. Kwa hasira zangu zote na akili zangu zote, nilikuwa nimesahau kwamba tonge la kwanza ni la mama. Nilikaa chini nikalia, na yeye akaendelea kukoroga kwa mkono mmoja. Baba aliporudi, mama alionja, baba akala, akasema chumvi imezidi.

Nikasoma, nikaondoka. Sasa nafundisha Masakta, wilaya ya Hanang, na ninachofundisha ni Kiswahili, pamoja na ufahamu. Sichapi. Siyo kwa wema. Nauogopa mkono wangu ukishashika fimbo.

Mwaka huu, siku moja saa nne asubuhi, tuko ofisini tunakunywa chai, mwalimu mwenzangu kutoka Kondoa alikuwa anaangalia kitu kwenye simu huku mabega yanamtikisika. Nikasikia pipa linaanguka. Nikasikia kuku. Nikasogea. Alikuwa ni yule mume mwembamba na suruali yake kubwa.

Sikuwa nimeiona tangu siku ile. Nilisimama nyuma ya kiti chake na kikombe mkononi, nikaangalia mpaka mume alipofika mlangoni, mpaka ugali ukapakuliwa, mpaka mke akaanza kucheka.

"Hapo ndiyo inaisha," nikasema.

"Subiri wewe," mwenzangu akasema. "Utamu wenyewe uko hapa."

Kumbe haikuisha. Kumbe flashi ya dokta ilikuwa na filamu iliyokatwa, dakika moja hivi ilikuwa imebaki huko ilikonakiliwa. Kamera inazunguka nyuma ya mume. Yule beberu alikuwa ametafuna suruali yote ya nyuma, na mume amepita kijiji kizima na msibani akiwa nyuma wazi, na nguo ya ndani ya maua maua tu. Ndicho mke anachokicheka. Mume anajipapasa, anapiga yowe, anakimbia. Mke anafuta machozi, anasogeza sahani, anaula ugali wote yeye mwenyewe. Ndipo majina yanapanda.

Matako ya mtu. Mama yangu alivunjwa meno, akaonjeshwa miaka kumi na tano, akanyang'anywa mwiko kwenye misiba ya watu aliowalea, kwa sababu ya matako ya mtu kwenye filamu. Nilirusha kikombe ukutani. Chai ikatiririka juu ya ratiba ya vipindi, na mwenzangu akaniangalia kama aliyeona nyoka chini ya meza. Nilimwomba anitumie ile filamu.

Shule zilipofungwa nikaenda nyumbani. Baba alikuwa malishoni. Amezeeka, mguu mmoja anauburuta, lakini mikono haijazeeka. Mwezi mmoja kabla alikuwa amemvunja mama kidole kwa mlango. Mama alikuwa jikoni kwenye kigoda chake kidogo anapukuchua maharage, makande yako motoni. Nikampa shikamoo, nikakaa karibu naye, nikaweka simu juu ya ungo.

Aliangalia yote. Ilipofika kwenye suruali, hakucheka. Alitoa tu sauti puani. Majina yakapanda, kioo kikawa cheusi.

"Mama," nikasema, "ni mimi niliyemwambia baba ni sumu. Aliniuliza njiani. Na ni mimi niliyesema ulifurahi." Nilikuwa nimebeba maneno hayo tangu darasa la sita, na yalipotoka yalikuwa mepesi kama maganda ya yale maharage.

"Najua," mama akasema. "Aliniambia akiwa amenikalia. Alisema, hata mtoto wako ameona."

Miaka yote hiyo alijua. Alinipikia akijua, aliuza kitunguu saumu chake kwa siri nisome akijua. Nililia vibaya, kwa makamasi, nikiwa mtu mzima na mwalimu wa watu. Aliniacha nilie. Kisha nikamuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, si baba, si dokta, si mimi.

"Wewe ulicheka nini?"

Alipukuchua maganda mawili matatu.

"Hakuinuka," akasema.

"Nani?"

"Yule mwanamke. Mume ameingia, amesimama mlangoni. Mimi namsubiri yule mwanamke ainuke, miguu yangu huku inauma kwa kumngojea. Hainuki. Anasonga ugali amekaa. Anapakua amekaa. Mume anamwangalia na yeye amekaa tu kwenye kigoda chake, mpaka televisheni ikazima. Nikasema, kumbe." Akainua mabega. "Nikacheka. Hiyo ya suruali mimi hata ningeiona nisingeijali."

Nilirudisha filamu nyuma kidogo, nikaangalia. Kweli. Nilikuwa nimehesabu muda wa kusonga, nimehesabu sahani, na sikuwa nimeona kwamba mwanamke amekaa.

Kikohozi kikasikika kwenye zizi.

Nikainuka. Nina miaka ishirini na saba, nina mshahara wangu na chumba changu, na miguu ilininyanyua bila kuniuliza. Nilikuwa nimeshasimama, mgongo ukutani, palepale nilipokuwa nimesimama siku ile, ndipo nikatazama chini. Mama alikuwa na ungo mapajani. Vidole vyake vilikuwa vimesimama, kile kilichovunjika kimefungwa na kitambaa. Alikuwa amekaa.

Mlango ukafunguka. Baba akaniangalia mimi niliyesimama, akamwangalia mama.

"Chakula," akasema.

"Kiko motoni," mama akasema.

"Umeonja?"

"Onja mwenyewe."

Na hapo akaanza kucheka, kwanza taratibu, kisha mwili wote, maharage yakirukaruka kwenye ungo, mdomo wazi, pengo lote nje. Baba akainua fimbo. Lakini hakumtazama mama. Macho yake yalinitafuta mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho nadhani kilikuwemo tangu njia ile ya shamba: alikuwa anaogopa.

"Wewe unayesoma," akasema. "Mama yako anacheka nini?"

Nilikuwa na jibu, na sababu zake mbili. Nikavuta kigoda cha baba, ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukikalia, kile kilichong'oa meno, nikakaa kando ya mama.

"Muulize mwenyewe, baba."

Fimbo ikashuka. Ilipiga sufuria, makande yakamwagika kwenye majivu, supu ya moto ikaniunguza mguu, na sikuinuka. Fimbo ikapanda tena, na mama yangu alikuwa bado amekaa, anacheka.